Alisema Bibi Yake ni Jirani, Sindimba Ikamuumbua

Kuna dada mmoja anapamba maharusi pale Sinza. Ukisevu namba yake ukaangalia profaili yake ya WhatsApp, picha siyo yake. Ni bibi kizee amekaa kwenye mkeka, ana chale usoni, mistari imepangwa kwenye mashavu na kwenye paji la uso utadhani mtu alitumia rula. Wateja wapya huwa wanauliza, "Samahani dada, huyu ni nani?" Anajibu hapo hapo: "Bibi yangu, mzaa baba. Mmakonde wa Newala."

Jibu la sekunde tatu tu. Ila kulifikia kulimgharimu miaka miwili ya bodingi, kiroba cha korosho na ngoma moja. Stori yenyewe ilikuwa hivi.

Alipelekwa kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni ya wasichana huko Kilimanjaro. Kama umekaa bodingi unajua usiku wa kwanza unavyokuwa. Kabla hata hujajua choo kiko upande gani, unaulizwa jina, unaulizwa umetoka shule gani, halafu linakuja lenyewe: "We kabila gani?" Kibongo-bongo swali hilo halina kisu ndani yake. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na watu wanauliza ili wajue utani waanzie wapi. Mchaga ataambiwa habari za hela, Mhehe ataulizwa yule mbwa wa jirani kapotelea wapi, na Mngoni akikutana na Mhehe hapo hakulaliki mpaka matroni aje na fimbo.

Zamu yake ilipofika akasema, "Mi mtu wa Dar."

"Dar siyo kabila."

"Basi Mzaramo."

Alikuwa na sababu zake. Akiwa darasa la nne, shule ya msingi huko Mbagala, aliwahi kusema ukweli. Siku hiyo hiyo akapewa jina: Mlinzi. Mwingine akamuuliza kama kwao mboga ni panya. Mwingine akampaka wino wa kalamu shavuni, akasema sasa amekamilika. Mwalimu aliyekuwa anasahihisha madaftari pembeni akacheka na yeye. Utani una sheria zake jamani. Unamtania mtani wako, na yeye ana haki ya kukurudishia, tena mbele za watu, tena hata msibani. Pale hapakuwa na mtani. Palikuwa na mtoto wa miaka kumi na darasa zima limemgeukia. Kuanzia hapo Umakonde akawa anauacha nyumbani kila asubuhi, kama ndala za bafuni.

Na kichekesho ni hiki. Huko bodingi Jumamosi za disko ilikuwa haipiti bila mtu kupiga kelele "Konde Gang!" Harmonize, kijana wa Mtwara, alishajiita Konde Boy, na 2019 lebo yake ya Konde Music Worldwide ikawa habari ya mjini. Wale wale waliokuwa wanaimba neno la kwanza mpaka la mwisho, Jumatatu mtu akikosa adabu mezani wanamwambia, "Acha Umakonde." Kwa staa ni swaga, kwa mtu wa kitanda cha pili ni tusi. Yeye alikuwa anaimba na wenzake, na anacheka na wenzake.

Ikafika siku ya wazazi kutembelea. Mama yake hakupata ruhusa kazini, akaja baba mdogo. Nyuma ya baba mdogo akawa anashuka mtu kwenye bodaboda, taratibu, kashika kiroba kidogo. Bibi. Alikuwa ametoka Newala kuja Dar kutibiwa macho, akasikia kuna safari ya kwenda kumuona mjukuu, akakataa kubaki. Hebu piga hesabu: Newala mpaka Dar ni siku nzima barabarani, Dar mpaka Moshi siku nyingine. Kavaa kitenge kipya, kajifunga kilemba, na uso wake wote uko wazi.

Rafiki zake watatu walikuwa naye pale getini. Mmoja akamvuta mkono. "Eeh, huyo bibi ni nani? Mbona kachanjwa uso mzima?"

Na yeye, bila hata kufikiria, akasema: "Jirani yetu. Kapewa lifti na baba mdogo."

Bibi alikuwa hatua nne kutoka pale. Macho ndiyo yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa na shida. Baba mdogo akafungua mdomo. Bibi akamgusa kiwiko, akasogea mwenyewe, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Eeh wanangu, mimi jirani tu. Njooni mchukue korosho."

Akawagawia wote. Akamwuliza "mtoto wa jirani" kama anakula vizuri, kama baridi ya huko haimsumbui kifua. Saa kumi wakaondoka. Hakumkumbatia, maana jirani hakumbatii hivyo.

Korosho zile zilikaa kwenye tranka mpaka zikaingia wadudu. Hakuweza kuzila na hakuweza kuzitupa.

Miaka ikasogea. Kidato cha tatu, mwalimu wa Historia akaja na wazo la Siku ya Utamaduni. Shule nyingi huwa zinafanya, na nyingi huwa zinafanya vile vile: Wamaasai waruke, Wasukuma washike majembe, kila mtu na wa kwao, halafu pilau. Huyu mwalimu alikuwa na sharti moja. Kila bweni litachota karatasi, na ngoma mtakayoichota ndiyo mtakayoicheza, hata kama hakuna hata mmoja wenu wa kabila hilo. Alisema kila mtu akicheza ya kwao tu, basi tumefanya maonyesho ya makabila, hatujajifunza kitu.

Kama unaona ni kitu kigeni, kumbuka 2016. Diamond na Rayvanny walipoitoa "Salome", wakiurudia wimbo wa Saida Karoli, nchi nzima ilicheza kitu kilichoanzia kwenye Kihaya. Wangapi kati ya waliocheza walikuwa Wahaya? Ngoma nzuri haikuulizi kitambulisho.

Bweni la kwanza likachota bugobogobo ya Wasukuma. La pili mganda wa kule Ziwa Nyasa. La tatu muheme wa Wagogo. La nne ngoma ya Wamaasai. Kiongozi wa bweni lao, msichana wa Kichaga mwenye sauti ya kondakta, akafungua karatasi yao akasoma: "Sindimba."

Bweni zima likalipuka kwa kicheko. Yeye tumbo likamshuka.

Mazoezi yakaanza, na mazoezi yenyewe yalikuwa vichekesho. Kiongozi aliangalia video mbili tatu kwenye simu ya mwalimu, akarudi na maelekezo: mito ya kulalia ifungwe nyuma chini ya khanga ili viuno vionekane. Mmoja akapachika kizibo cha soda mdomoni, eti ndonya. Wakatunga na igizo dogo la kufungulia, la bibi kizee wa Kimakonde anayewafukuza wezi na panga. Ilibaki kumpata wa kuigiza bibi.

"Wewe," kiongozi akamwonyesha kidole. "Wewe unaigiza vizuri. Na huyo jirani yenu ulishamuona, unajua wanavyotembea."

Angeweza kukataa. Lakini anayekataa ataulizwa kwa nini. Akakubali.

Siku tatu kabla ya tukio wakajaribu mavazi. Akakalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwenzake akachukua wanja akaanza kumchora. Mstari mmoja shavu la kulia. Mstari shavu la kushoto. Paji la uso. Wakamfunga kilemba, wakamsogeza kwenye kioo kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari wa kitanda cha juu.

Hakujiona yeye. Alimuona bibi. Paji lile lile, kidevu kile kile, hata jicho la kushoto linavyokuwa dogo kuliko la kulia. Wote wanasema anafanana na mama yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukiongeza mistari sita ya wanja anakuwa mtu wa Newala mzima mzima.

Nyuma yake mtu mmoja hakuwa anacheka. Alikuwa ni yule rafiki aliyemvuta mkono getini miaka miwili nyuma. Anaangalia kioo, anamwangalia yeye, anarudi kwenye kioo.

"Mbona umefanana na yule jirani yenu?"

Kelele za bweni zikapungua zenyewe, kama redio inayoishiwa betri.

Alikuwa na uongo wa kutosha kichwani. Miaka yote ile alikuwa ameuzoea, unatoka wenyewe. Safari hii haukutoka. Akasema, huku akiangalia kioo badala ya kuwaangalia wao: "Siyo jirani. Ni bibi yangu. Mimi Mmakonde."

Mmoja akacheka akidhani ni sehemu ya igizo. Alipoona wanja unashuka na machozi, akanyamaza. Yule wa kizibo cha soda akakitoa mdomoni taratibu akakificha kiganjani. Kiongozi, yule mwenye sauti ya kondakta, alikaa kimya kama dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea bwenini pale. Halafu akasema kitu ambacho yule dada anakikumbuka mpaka leo: "Sasa si ungetuambia? Tungekuwa tumeshafundishwa vizuri."

Tatizo likawa hilo sasa. Hajui. Alikuwa ameiona sindimba likizo mbili tatu akiwa mdogo, tena akiwa amejificha nyuma ya mgongo wa shangazi. Anakumbuka vumbi, anakumbuka ngoma zinaotwa kwenye moto ili ngozi ikaze, anakumbuka ile ngoma nyembamba yenye mguu mmoja inayochomekwa ardhini. Hatua hazijui.

Jioni wakaenda watano kwa matroni kuomba simu. Akampigia baba mdogo. Bahati nzuri alikuwa Newala, kwenye msimu wa korosho. Simu ikapelekwa kwa bibi.

"Bibi shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kioo. "Mimi, bibi. Mjukuu wako." Akavuta pumzi. "Bibi, ile siku ya getini..."

Bibi akamkata. "Zile korosho chumvi ilizidi?"

Kimya. Matroni akajifanya anakunja nguo.

"Sikuzila bibi."

"Haya. Nitatuma nyingine. Unalilia nini sasa? Sema shida yako, vocha ya watu hiyo."

Akasema shida yake, simu ikawekwa spika. Na bibi, kwenye simu ya matroni, Kilimanjaro kule, akaanza kupiga ngoma kwa mdomo. Kwanza ile ndogo inayopigwa kwa vijiti viwili vyembamba, haraka haraka, haikai kimya. Kisha ile kubwa, nzito, inaingia na kutoka. "Msitikise kwanza," akawaambia. "Watoto wa mjini mnaanza na kiuno. Anza na sikio. Hiyo ndogo inasema, kubwa inajibu, kiuno kinangoja kiitwe. Ukitikisa hujaitwa, unakuwa mtu anayejikuna."

Wakacheka mpaka matroni akacheka.

Yule wa kizibo cha soda akauliza, kwa adabu sasa, zile chale alichanjwa lini. Bibi akajibu bila kona. Alikuwa msichana mdogo. Walichanja kwa kisu kidogo, wakapaka masizi. Iliuma, akavimba uso, hakutakiwa kulia. "Ulikuwa urembo," akasema. "Na ulikuwa ni ili nikipotelea mbali, mtu wa kwetu akiniona ajue huyu wa kwetu."

Hakuna aliyesema kitu. Hakuongeza neno bibi wa watu. Hakuwa na haja.

Mito ikarudi vitandani. Igizo la panga likafutwa. Ngoma zenyewe hawakuwa nazo, wakaazima moja kubwa shule ya msingi ya jirani, na ile ndogo wakaitengeneza kwa ndoo ya plastiki na vijiti viwili vya mianzi. Siku tatu wanafunzi wakafanya mazoezi ya kusikiliza. Kiongozi alikuwa anapiga kelele, "Hujaitwa wewe! Hujaitwa!"

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Bugobogobo ilifungua, majembe yanarushwa juu na kudakwa, na mtoto wa Unguja ambaye hajawahi kushika jembe maishani akawa ndiye anayeongoza mstari. Bugobogobo ni ngoma ya shambani, watu walikuwa wanailimia. Msukuma mmoja kwenye hadhira alisimama juu ya benchi akawa anawasahihisha kwa sauti mpaka mwisho akashuka akaingia kucheza nao.

Mganda ukafuata, wasichana wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wanapiga hatua kama askari wa gwaride. Mwalimu wa Historia akashika maiki kueleza kwamba siyo bahati mbaya: ngoma hiyo ilichukua mwendo wake kwenye gwaride la wanajeshi wa wakoloni, watu wa ziwa wakaligeuza likawa lao. Kwa kawaida hucheza wanaume. Siku hiyo wanaume walikuwa wapishi na dereva wa shule, wakatazama tu.

Muheme wa Wagogo ndio uliomaliza mchezo. Kule Dodoma ngoma hizi hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na sauti zinapanda ngazi juu ya ngazi. Mtu aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose na marimba zake anaelewa kwa nini muziki wa Wagogo ulifika mpaka Ulaya. Bweni la tatu lilikuwa na Mgogo mmoja tu na lilisikika kama kijiji kizima.

Sindimba ikaingia ya mwisho. Nyuso hazikuchorwa. Khanga zimefungwa kiunoni, miguu peku. Ile ndoo ikaanza, haraka haraka. Hakuna aliyetikisika. Hadhira ikadhani wamesahau. Halafu ngoma kubwa ikajibu, na mstari mzima ukashuka magotini kwa pamoja, viuno vikaitwa.

Nyuma huko mtu akapiga kelele, "Konde Gang!" Katikati ya mstari, msichana mmoja akanyoosha mkono juu. Wa bweni lao tu ndio walioelewa kwa nini.

Walikuwa wa tatu. Wagogo wa bandia walichukua ushindi na hakuna aliyebisha.

Isije ikaonekana kila kitu kiliisha kwa amani. Wiki iliyofuata kuna mwalimu alilalamika kikaoni kwamba viuno vile havikuwa na maadili. Huo ugomvi ni wa zamani. Kijijini sindimba iliendana na sherehe za jando na unyago. Baada ya Wizara ya Utamaduni kuundwa 1962 na kikundi cha ngoma cha taifa kuanzishwa, sindimba ilikuwa kati ya ngoma zilizopandishwa jukwaani kuiwakilisha nchi, na toka hapo kuna watu wanaiona fahari na kuna watu wanaiona aibu. Mwalimu wa Historia alijibu swali moja tu: disko la Jumamosi, singeli ikipigwa, huwa wanacheza kwa kutumia masikio?

Na jina la "Mmakonde" lilimfuata yule msichana mpaka anamaliza. Wengine walilitumia vibaya vile vile. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa anarudisha. Kiongozi wa bweni alikuwa akimwita Mmakonde, yeye anamwomba amkopeshe hela kwa kuwa Wachaga hawakosi. Utani ukawa na pande mbili, kama unavyotakiwa kuwa.

Kitu kimoja tu cha kukichukua hapo. Siku ya Utamaduni bila wenye nayo inaweza ikawa siku ya kukodi mavazi na kuwacheka watu. Wale wasichana walikuwa siku tatu tu mbali na kufanya hivyo, na wangepigiwa makofi. Kilichobadilisha ni simu moja kwa mtu anayejua. Bibi, babu, shangazi wa kijijini, wote wana simu siku hizi, na vocha siyo ghali kihivyo.

Mahafali ya kidato cha nne bibi alikuja tena. Macho yalikuwa yamepona, akawa anatembea mwenyewe toka getini. Wasichana wa bweni wakamkimbilia kundi zima, mahafali haijaanza hata, wakapiga magoti kwenye vumbi na magauni yao ya kukodi, wakapiga kelele kwa pamoja:

"Shikamoo jirani!"

Bibi akacheka mpaka akashika goti. "Marahaba wajukuu zangu." Kisha akafungua kiroba.

Safari hii mjukuu wake ndiye aliyekula korosho wa kwanza.

Haya, wewe shuleni kwenu mlicheza ngoma gani? Na ilikuwa ya kwenu, au mliiazima? Dondosha hapo chini.